Mstari wa Wategemezi

Neno la kwanza ambalo Karani alimpa wakili lilikuwa "alichangia."

"Marehemu alikuwa akichangia matumizi ya nyumbani mara kwa mara," alisema polepole, kama mwalimu anayesoma imla.

Wakili alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi mpaka ndani ya mafaili. Aliweka kalamu chini.

"Kuchangia ni harusini, mzee wangu. Mimi nataka kujua nani alikuwa ananunua unga."

"Alisaidia."

"Kusaidia ni kumshikia jirani ngazi. Sikiliza. Kiwanda hakikatai kosa. Kamba ya winchi ilikuwa imechakaa, wafanyakazi waliripoti mara tatu, hakuna aliyeibadilisha, pipa la mafuta likamwangukia mdogo wako. Hapo hatuna ugomvi. Ugomvi ni kwamba wanasema kifo hiki hakikumpunguzia mtu hata kijiko mezani. Sheria inamlipa aliyekuwa anamtegemea marehemu. Kama hakuna, wanatoa pole na kufunga faili. Haya. Nyumba ile nani alikuwa anailisha?"

Karani alitazama dirishani. Huko chini mtu alikuwa anajaribu rangi ya kijani kwenye kipande cha ubao, anarudi nyuma, anaitazama, haridhiki nayo.

"Mimi na yeye," alisema. "Bega kwa bega. Nusu kwa nusu."

"Na hiyo nusu yako..." Wakili alianza, kisha akaona kola ya shati lake, jinsi ilivyogeuzwa na kushonwa upya, akameza maneno. "Sawa. Nusu inatosha kumwingiza mama yako kwenye madai. Kuna karatasi yoyote ambayo marehemu aliwahi kujaza kuhusu familia yake? Kazini, benki, popote?"

"Hakuna," Karani alijibu, upesi kidogo kuliko inavyopasa.

Nusu yake haikuwepo. Haikuwepo kwa miaka tisa.

Zamani ilikuwepo, tena yote. Karani alikuwa mpiga chapa, na jina la Karani lilimganda kwa sababu ya miwani na taipureta aliyokuwa akiiweka kwenye kibaraza kilichotazamana na mahakama. Mtu alikuja na mkasa wake umevurugika kama uzi uliochezewa na paka. Anaanzia katikati, analia, anarudi nyuma, anamtaja shemeji asiyehusika. Karani alimsikiliza akiwa amefumba macho. Kisha vidole vilianza kugonga, na baada ya robo saa mkasa ulitoka kwenye mashine umechanwa nywele na kuvalishwa viatu. Watu walisomewa maneno yao wakashangaa kwamba kumbe walikuwa na heshima kiasi kile. Aliyesema "jambazi lile limenila" alisikia kwamba "mlalamikiwa ameshindwa kutimiza wajibu wake," akaondoka ameinua kichwa.

Kibaraza kilikuwa na meza sita, zikawa nne, zikawa mbili: ya kwake, na ya mwanamke aliyeingia na kompyuta na mashine ya kuchapishia, ambaye watu walimwita Mama Printa tangu siku ya kwanza na yeye akaitika. Mama Printa alifuta kosa bila kuacha doa. Alitoa nakala tatu mteja akiwa bado anapapasa mifuko kutafuta kitambulisho. Haikupita miaka miwili wateja wakawa wamehamia hatua saba upande wa kushoto. Waliobaki kwa Karani ni wazee wawili watatu walioamini kwamba karatasi isiyogongwa kwa chuma haina nguvu mbele ya hakimu. Nao walikuwa wanakwisha, kwa sababu zile ambazo wazee hukwisha.

"Karani, leo umeandika ngapi?" Mama Printa alikuwa akimchokoza.

"Nasubiri kesi kubwa. Hizi ndogo ndogo nimekuachia wewe."

"Asante kwa sadaka, bwana mkubwa."

Alifika saa mbili kamili kila asubuhi, shati limepigwa pasi, na saa kumi na moja alifunika mashine kwa kitambaa kama mtu aliyechoka. Nyumbani walikuwa watatu. Mke aliwahi kuwepo, akaondoka zamani bila kuvunja sahani. Walibaki yeye, mama yao, na mdogo wake wa kike aliyezaliwa miaka kumi na miwili baada yake, ambaye hata kiwandani walimwita Mdogo, mwisho likawa jina. Mdogo alifunga sabuni kwenye katoni, na alipofikisha miaka saba pale akafanywa msimamizi wa wafungaji.

Kila mwisho wa mwezi Mdogo alishuka kituo kimoja kabla ya kile cha nyumbani. Karani alikuwa anamngoja mbele ya duka la vipuri vya baiskeli. Bahasha ilitoka kwenye mkoba wake, ikaingia kwenye koti la kaka.

"Hii hapa, kaka."

"Mwezi ujao nitakuwa nimekaa vizuri."

"Najua."

Kisha walitembea pamoja hadi nyumbani, wakizungumzia mambo mengine. Na pale mezani, mbele ya mama, Karani alitoa bahasha ileile na kuiweka kando ya sahani yake. "Mama, ya mwezi huu."

Mama aliishika kwa mikono miwili, akamwombea mwanawe maneno marefu, kisha akamgeukia binti. "Na wewe, mshukuru kaka yako. Unadhani nyumba inajiendesha?"

"Asante, kaka."

"Mshahara wako unaupeleka wapi, hebu niambie? Viatu?"

"Viatu, mama," Mdogo alisema, akainua mguu kuonyesha kiatu kilichoshonwa mara mbili kwa uzi wa rangi tofauti, na mama akacheka huku amekasirika.

Mwaka ule alipofanywa msimamizi, kiwanda kilimpa fomu mpya ya taarifa za mfanyakazi. Mdogo aliileta kibarazani, maana kama una kaka anayejua fomu huwezi kumpa mwingine. Karani aliichomeka kwenye taipureta. Jina, tarehe, makazi, shule. Akafika mstari wa kumi na moja: majina ya wanaomtegemea mfanyakazi.

"Andika mama," Mdogo alisema. "Na wewe."

"Mimi?"

"Si fomu tu, kaka."

"Fomu zinasomwa. Karani wa wafanyakazi pale kwenu ni mteja wangu wa zamani. Mama yuko chini yangu mimi, kila mtu anajua. Niandike kwamba wewe ndiye unanilea?"

Karani akagonga herufi kubwa sita: HAKUNA. Mashine yake ilikuwa na K iliyovunjika mguu, ikitoka kama mtu anayechechemea. Alivuta karatasi, akampa. Mdogo akaisoma, akapiga kicheko kifupi.

"Hakuna? Basi mimi ni tajiri nisiye na shida." Akatia saini hapo hapo, akiwa amesimama, karatasi ameilaza kwenye mkoba.

Pipa lilianguka saa tano asubuhi, siku ya kazi ya kawaida. Meneja alikuja msibani na shada la maua na katoni mbili za sabuni. Hakuna aliyejua azitazame vipi katoni zile. Mama alizifungia chumbani na hazikufunguliwa.

Siku ya kusikilizwa madai, mama alisema naye atakwenda.

"Utachoka bure, mama. Ni maneno ya sheria tu."

"Ni maneno ya mwanangu," mama alisema, akavaa nguo yake ya kutokea.

Ukumbi ulikuwa mdogo, madawati yamechorwa majina kwa misumari. Nusu ya watu waliokaa walikuwa wa kesi nyingine, wakisubiri zamu zao na kusikiliza za wenzao kwa moyo wote. Karani aliwajua wengi, alikuwa amewaandikia. Alipopanda kizimbani walimtazama kama fundi anayekaguliwa kazi yake.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Alisema alichokariri: bega kwa bega, nusu kwa nusu, marehemu alikuwa nguzo ya pili. Alimwona mama akikunja uso kwa mshangao, kisha uso ukalainika, na akajua mama anafikiri nini. Mwanangu mwema, anampamba mdogo wake kwa sababu amekufa. Karani alitamani sakafu ifunguke.

Wakili wa kiwanda alikuwa mwanamume mpole, anayesema "tafadhali" kila baada ya sentensi mbili. Alitoa karatasi kwenye faili, akaomba ipokelewe kama kielelezo.

"Tafadhali soma mstari wa kumi na moja."

Karani aliisoma kwanza kwa macho. K ilikuwa pale, inachechemea.

"Kwa sauti, tafadhali."

"Majina ya wanaomtegemea mfanyakazi. Hakuna."

Kwenye madawati kulipita mnong'ono kama upepo kwenye magunia.

"Saini ya chini ni ya marehemu?"

"Ndiyo."

"Unafahamu nani aliyejaza fomu hii?"

Hapa ndipo kila kitu kilipokuwa. Jibu lilikuwa neno moja, na lilikuwa fupi kuliko maneno yote aliyowahi kuwaandikia watu. Aliinua macho akakutana na ya mama, mbele kabisa, mikono juu ya mapaja, akimsubiri mwanawe mkubwa atoe maelezo ya kuridhisha kama kawaida yake.

"Sikumbuki," alisema.

"Kwa hiyo tunaweza kuchukulia kwamba ni marehemu mwenyewe aliyejieleza hivyo. Sina swali jingine, mheshimiwa."

Hakimu aliahirisha kwa wiki mbili. Wakili wa Karani alikusanya karatasi zake bila kumtazama mtu. Nje, kwenye korido ndefu yenye mabenchi, mama alisimama katikati ya njia hivi kwamba watu walilazimika kumzunguka.

"Alisema hana mtu?"

"Mama, twende nyumbani."

"Nakuuliza. Alikaa chini akaandika kwamba hana mtu? Mimi sipo?"

Karani alikohoa. "Fomu, mama. Watu huandika chochote kwenye fomu."

"Yeye hakuwa mtu wa kuandika chochote." Mama alivuta mtandio wake. "Wewe unasimama mbele za watu unampa nusu ya jasho lako, na yeye alikwisha kutukataa zamani. Basi. Nimesikia."

Alipofika nyumbani aliitoa picha ya Mdogo ukutani. Hakuitupa. Aliifunga kwenye gazeti, akaiweka chini ya godoro, na pale ukutani pakabaki mraba mweupe. Kila mtu aliyekuja kutoa pole alikuta mraba ule na kuuliza, na mama alijibu, "Tumeambiwa hakuna mtu hapa."

Karani alikula chakula chake ukutani kukiwa hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alijiambia kwamba mama amezeeka na hasira zake hazidumu. Alijiambia kwamba marehemu hawezi tena kuumia. Alikuwa bingwa wa kupanga maneno, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi maneno yaliyopangwa vizuri yanavyoweza kunuka.

Siku ya nne, wakili alipita kibarazani kutoa nakala za faili kwa Mama Printa, akalipa, akaondoka. Mama Printa alikuwa na tabia ya kusoma kila kilichopita mikononi mwake. Hakuificha, alisema huo ndio mshahara wake wa pili. Mashine yake ilipotulia, alikuja mpaka kwenye meza ya Karani, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Nina karatasi moja ina K mbovu," alisema.

Karani alinyoosha kitambaa cha mashine yake ingawa kilikuwa kimenyooka.

"Miaka kumi na moja nakaa hapa. Hii K naijua kuliko sura ya shemeji yangu. Hata hakimu naye anaijua, basi tu ana adabu."

"Umemwambia wakili?"

"Mimi? Nimwambie nini? Mimi kazi yangu ni nakala." Alisimama, akajipangusa. "Ila mama yako alipita hapa juzi kwenda sokoni. Nikampa pole tena. Unajua alinijibu nini? 'Usinipe pole, pole ya nini, mwanangu alinikana.' Nikaangalia huku kwako. Ulikuwa unaandika?"

"Nilikuwa nasafisha mashine."

"Basi endelea kusafisha."

Akarudi kwenye meza yake, hatua saba, na siku nzima hakumchokoza. Karani alijigundua akiutamani ule mchezo wa "leo umeandika ngapi," na hakupewa.

Jioni ile ile alipanda ngazi za duka la rangi. Alimweleza wakili kwa sentensi tatu, akiwa amesimama, kwa sababu alijua akikaa ataanza kuzipamba.

Wakili alifunga faili lililokuwa mbele yake. "Unajua hicho ulichosema kizimbani kinaitwaje?"

"Kiapo cha uongo. Nimeandika hati za kiapo maelfu, mwanangu. Onyo lile la mwisho nalijua kwa moyo."

"Na bado?"

"Na bado."

"Mama yako ameambiwa?"

"Atasikia huko."

"Mzee, ungemwambia nyumbani kwanza. Mkiwa wawili."

Alijaribu. Alijaribu usiku ule mezani, na asubuhi iliyofuata, na jioni yake. Kila mara mama alimjazia sahani kwanza, na kipande kikubwa akampa yeye, kama alivyofanya maisha yake yote kwa sababu yeye ndiye mlishaji. Huwezi kusema kitu kama kile mdomo ukiwa na kipande kikubwa. Akala.

Kwa hiyo mama alisikia huko, pamoja na watu wa kesi nyingine, ambao safari hii walikuwa wengi zaidi kwa kuwa habari za K mbovu zilikuwa zimekwisha kuzunguka. Mama Printa alifunga meza yake kwa saa moja akaja kukaa nyuma.

Hakimu, mzee mwenye sauti ya chini, alimkumbusha Karani kwamba bado yuko chini ya kiapo chake cha kwanza, na kwamba akitamka jambo la kujitia hatiani mahakama haitaweza kujifanya haikusikia.

"Naelewa, mheshimiwa."

"Nani alijaza fomu hii?"

"Mimi."

"Marehemu alikuelekeza uandike 'hakuna'?"

"Hapana. Aliniambia niandike mama. Na mimi."

"Na wewe?" Hakimu alimtazama juu ya miwani. "Mtu mzima wewe, ulikuwa unamtegemea?"

Karani alishika ubao wa kizimba. Alikuwa ametengeneza sentensi njiani, ndefu, yenye "kutokana na mabadiliko ya teknolojia." Iliingia mdomoni ikakwama.

"Kwa kila kitu, mheshimiwa. Unga, kodi, dawa za mama. Hata hili shati. Ile meza yangu kibarazani ina kodi yake, alikuwa akiilipa yeye ili nipate pa kwenda asubuhi. Miaka tisa."

Mtu mmoja kwenye madawati alicheka, kicheko kilichomtoka bila kutaka, kisha akajifanya anakohoa. Karani alimtambua. Alikuwa amemwandikia barua ya talaka, nzuri sana.

"Na ile nusu kwa nusu?"

"Hakuna nusu. Niliweka nusu kwa sababu niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kulishwa na mdogo wangu."

"Na yeye aliafiki hali hiyo? Mama yenu adhani ni wewe?"

Swali hilo hakulitarajia. Angeweza kusema ndiyo, na lisingekuwa uongo kamili. "Aliniomba mara moja," alisema. "Tulikuwa njiani. Aliniambia, 'Kaka, siku moja tu mwambie mama hata chumvi nimenunua mimi.' Nikamwambia mwezi ujao. Hakuniomba tena."

Hakumtazama mama. Alisikia tu benchi la mbele likilia, la mbao kavu, kama linavyolia mtu akibadilisha mkao.

Wakili wa kiwanda alisimama kusema shahidi huyu amesema mambo mawili yasiyopatana, na kwamba mahakama iamue lipi la kuamini, tafadhali. Hakimu alisema mahakama itaamua. Kuhusu kiapo cha kwanza, atalishughulikia jambo hilo kwa wakati wake, na shahidi asidhani limesahaulika. Kisha akauliza kama mdai wa kwanza, mama wa marehemu, anayo maelezo yake kwa maandishi, maana ndiye aliyekuwa akilishwa na hakuna aliyemsikia. Wakili alisema hakuyachukua. Hakimu akatazama saa ya ukutani. "Yaletwe leo kabla ya saa nane. Kwa maneno yake."

Karani alishuka. Watu walimpisha kuliko ilivyohitajika. Mlangoni alimfikia mama, akataka kumshika kiwiko kwa sababu ya ngazi, na mama akakitoa kiwiko taratibu, bila kishindo, kama mtu anayetoa kitu chake mahali kisipotakiwa.

"Mama, njoo nikuandikie. Mashine iko tayari. Haitachukua muda."

Mama alivuka barabara mbele yake. Alipanda kibaraza, akapita meza ya taipureta, akapita kiti chake, akahesabu hatua zake zote saba, akaketi mbele ya Mama Printa.

"Niandikie," alisema.

Mama Printa alimtazama Karani, kisha akamtazama mwanamke aliyekaa mbele yake. "Sema, mama."

"Utaandika ninavyosema?"

"Kama unavyosema."

Karani aliketi kwenye kiti chake mwenyewe. Hakuwa na pengine pa kukaa. Wakili alisimama kando, na watu waliotoka ukumbini nao walikuwa wamejikuta kibarazani, mmoja anafunga kamba ya kiatu, mwingine anasoma tangazo la zamani ukutani. Vibonye vya kompyuta havina kelele, vinasikika kama mvua ndogo. Mama alizungumza bila kupandisha sauti. Mara mbili Mama Printa aliacha kuandika, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, akaendelea. Kutoka alikokaa Karani alishika neno hapa na neno pale, na kila neno alilolishika lilikuwa la kawaida, neno la jikoni, ambalo yeye angelibadilisha.

Karatasi ilitoka. Mama Printa akaigeuza kuielekeza kwa mama, na kidau cha wino wa kutilia alama ya kidole.

"Mimi sisomi," mama alisema. "Mwite asome."

"Nikusomee mimi, mama?"

"Nimesema mwite."

Karani alikuja. Hatua saba ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Alipokea karatasi ikiwa bado na joto la mashine.

"Kwa sauti," mama alisema. "Kama unavyowasomea wengine."

Alisafisha koo.

"Mimi ni mama wa marehemu. Sikusoma. Mwanangu wa kike alinilisha miaka tisa na mimi sikujua. Nilikuwa nikimwambia amshukuru kaka yake, na yeye alikuwa akishukuru. Nilimwita mvivu mara nyingi. Nilimwambia anakula jasho la mwenzake. Mwanangu wa kiume alikuwa amekaa hapo hapo, anasikia. Marehemu alimwomba kaka yake aniambie kwamba hata chumvi kanunua yeye, na hakuniambia. Kwenye fomu akaandika mimi sipo. Mimi nipo. Nilimtegemea binti yangu kwa kila kitu, na nilimtukana mpaka akafa. Pesa mkitoa mtoe, lakini muandike kwamba alikuwa na watu."

Akafika mwisho. Mtu aliyekuwa anafunga kamba ya kiatu alikuwa ameganda ameinama.

"Kaacha kitu?" mama aliuliza.

"Hajaacha, mama. Ameandika yote."

"Na wewe hukuacha?"

Karani alitazama karatasi. Mama Printa alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

"Palikuwa na neno la kutafuna," mama alisema.

Lilikuwepo. Lilikuwa mstari wa sita, maneno mawili tu. Macho yake yalikuwa yameliona likija kutoka mbali, na mdomo ukalipita bila yeye kuuambia, kama ulivyofundishwa na miaka ishirini na sita ya kutengeneza maneno ya watu.

"Rudi," mama alisema.

Akarudi. "Mwanangu wa kiume alikuwa amekaa hapo hapo, anasikia," alisoma, akaishia palepale alipoishia mara ya kwanza, akaanza tena. "Alikuwa amekaa hapo hapo, anasikia, na anatafuna."

"Sasa ndiyo," mama alisema, akamnyooshea Mama Printa kidole gumba.